Sindano za mgongo: nimelazwa kifudifudi mara nne, hizi ndo nyota zangu

Naanza na nyota kabisa maana najua wengi mnashuka chini kuzitafuta. Sindano ya kupima, yaani ile ya kutafuta maumivu yanatoka wapi: tano kati ya tano. Sindano ya steroidi (dawa ya kushusha uvimbe) niliyopigwa mwanzo kabisa: mbili, na hizo mbili nimetoa kwa huruma tu. Kuchomwa neva: nne. Maelezo niliyopewa kabla ya sindano ile sehemu ya kwanza niliyoenda: sifuri, na kama kungekuwa na nyota za kudaiwa ningewadai.

Maumivu ya kiuno nimekaa nayo miaka mitatu. Si yale ya kushuka mguuni, haya yangu yamekaa palepale upande wa kulia, juu kidogo ya kalio, na ukitaka kunyooka baada ya kuinama unahisi kabisa kama bawaba ya mlango yenye kutu. Kupiga pasi dakika kumi shida, kugeuka kitandani usiku shida, kukaa kwenye kiti lisaa limoja naanza kulalia upande kama gari lililovunjika springi. Vidonge nimemeza, mafuta ya kuchua nimepaka mpaka shuka zikawa na harufu ya duka la dawa, mazoezi nimeanza nikaacha nikaanza tena nikaacha tena (hapa kosa ni langu, simlaumu mtu). Nikapiga MRI, ile picha ya ndani ya mgongo, majibu yakaja na maneno ya kutisha, diski (vile vimto vya kati ya pingili) zimechakaa, diski imetokeza, viungo vimeota mifupa pembeni, nilivyosoma ile karatasi kwenye gari nikalia, nikajua mi ndo basi tena.

Kumbe ile karatasi ndo ilikuwa haina habari yoyote mpya. Kuna uchambuzi ulitoka 2015 ulikusanya picha za watu 3,110 ambao HAWAUMWI mgongo kabisa, na diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na kwa wenye miaka 80 ni asilimia 96. Yaani watu wana diski mbovu na wanacheza muziki harusini. Kwa hiyo picha inaonesha nini kimechakaa, haioneshi nini kinauma. Hivyo ni vitu viwili tofauti na mi nilichukua miaka miwili kuvitenganisha.

Na hapo ndo sindano ya kupima inapopata kazi. Fikiria fundi umeme, nyumba nzima inapiga shoti hajui ni waya gani, anazima swichi moja moja mpaka shoti iache. Daktari naye anachagua neva moja au kiungo kimoja anachokishuku, anaweka ganzi kidogo palepale na si kwingine, halafu anakuuliza: bado inauma? Ikiacha kuuma, mshukiwa kapatikana. Isipoacha, mshukiwa huyo ameachiwa huru, tunatafuta mwingine. Haikutibu. Narudia kwa sababu nimeona watu wengi wanaipa nyota moja wakisema "ilinisaidia masaa matatu tu ikaisha, wizi mtupu", jamani, masaa matatu ndo jibu lenyewe!

Sasa tuanze na ile ya kwanza, ya nyota mbili. Sehemu siitaji. Niliingia, daktari kaangalia karatasi ya MRI, hakunigusa mgongo hata kwa kidole, akasema tutakupiga sindano ya mgongo utakuwa sawa. Nikauliza sindano ya nini, akasema ya mgongo. Nikauliza inaenda wapi, akasema mgongoni. Nikanyamaza, si unajua tena ukiwa na maumivu unakuwa mpole. Baadaye sana ndo nikaja kujua ilikuwa epidurali, mchanganyiko wa ganzi na steroidi unaowekwa kwenye nafasi inayozunguka mfuko wa neva ndani ya uti wa mgongo. Kitu hicho kinafaa zaidi kwa mtu ambaye neva imebanwa au imevimba na maumivu yanashuka mguuni. Mi mguu wangu ulikuwa mzima kama wa mwanariadha! Nilipata nafuu wiki mbili hivi, halafu yakarudi yote na nauli juu. Hamna aliyenipa karatasi ya kuandika, hamna aliyenipigia simu kuuliza, na niliporudi nikaambiwa "tupige nyingine". Nikauliza ya kwanza ilituambia nini? Kimya. Hicho kimya ndo kilinitoa pale.

Daktari wa pili alinisimamisha. Akaniambia inama mbele, nikainama, sawa tu. Akasema sasa jirudishe nyuma halafu jikunje upande wa kulia, nikapiga yowe. Akabonyeza pingili moja moja akishuka na kidole gumba, alipofika karibu na chini kabisa kulia nikamshika mkono. Akaniuliza mguu vipi, mkojo vipi, kuna sehemu ya katikati ya mapaja imekufa ganzi? (Hili swali msilichukulie poa, ukianza kushindwa kukojoa au kujizuia, ukakosa hisia sehemu unayokalia, au miguu ikaanza kulegea, hiyo si habari ya kusoma riviu, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo.) Halafu akachora. Nyuma ya kila pingili kuna viungo vidogo viwili, kulia na kushoto, vinaitwa faseti, vinafanya kazi kama bawaba, nikasema heee ndo maana nahisi bawaba. Kila kiungo kinapata hisia kutoka kwa vijineva viwili, kimoja kutoka pingili ya juu na kimoja cha hapohapo, na viungo vya jirani vinashea kimoja. Ndo maana viungo vyangu viwili vya chini kulia vilihitaji sindano tatu na siyo nne. Mchoro wa kalamu nyuma ya bahasha, dakika nne, nikaelewa kuliko miaka mitatu yote.

Halafu akanipa masharti, na hapa ndo nilijua huyu anajua anachofanya. Asubuhi ya sindano usimeze dawa ya maumivu, nakutaka uje unaumwa. Sikupi dawa ya usingizi wala ya kukulegeza, maana ukilegea hatutajua ni ganzi au ni usingizi. Na ukitoka hapa usiende kulala, nenda kafanye yale yote yanayokuumiza.

Siku yenyewe. Chumba baridi kweli, yaani wanaweka kiyoyozi kama wanahifadhi samaki. Unalala kifudifudi, mto chini ya tumbo ili kiuno kinyooke, shuka mgongoni, kiuno wazi. Juu yako kuna mashine ya eksirei yenye umbo la herufi C inazunguka kushoto kulia, na wote mle ndani wamevaa aproni nzito za risasi, wewe ndo huna, ukifikiria sana unaanza kuogopa bure, miale yenyewe ni kidogo na ni ya kushtua tu, picha, zima, picha, zima. Kama una mimba au unahisi unayo sema mapema, wataahirisha. Wakanipaka dawa ya kuua vijidudu, ya baridi, inatiririka mpaka mbavuni na huwezi kuifuta maana nesi kashasema "dada, mikono juu usishushe".

Inauma? Naambiwa niseme ukweli. Ile ya kwanza ya ganzi ya ngozi inachoma kama nyuki, sekunde tano, ukihesabu mpaka kumi imeisha. Halafu inakuja sindano ndefu, kama sentimita tisa hivi, nyembamba, hiyo huisikii ikichoma, unasikia kusukumwa. Unasikia kitu kinapita nyama, kinasimama, "picha", kinasogea kidogo, "picha", halafu kinagusa mfupa. Ile ya kugusa mfupa siyo maumivu, ni kero flani huwezi kuielezea, kama mtu anagonga mlango wako kwa ndani. Kisha anaweka dawa kidogo inayoonekana kwenye eksirei ahakikishe haijaingia kwenye mshipa wa damu, halafu ganzi, nusu mililita tu kila neva. Nusu! Nilimuuliza mbona kidogo hivyo, akasema nikiweka nyingi itasambaa kwa majirani halafu tutamkamata asiyehusika. Jumla dakika ishirini na sehemu kubwa ni kupanga mashine.

Nikapewa karatasi. Naiweka hapa kama nilivyoijaza, namba ni maumivu kutoka 0 mpaka 10:

Saa 4 na dakika 10 asubuhi, kabla ya sindano: 7. Saa 4 na dakika 55, nimekaa kwenye benchi: 2. Saa 5 na nusu, nimepanda ngazi mara mbili makusudi: 1. Saa 6 na robo, nyumbani, nimedeki sebule: 1. Saa 7 na nusu, nimepiga pasi mashati manne: 3. Saa 8 na nusu: 5, imeanza kurudi kama maji. Saa 10 jioni: 7.

Pale kwenye kudeki nilisimama katikati ya sebule na dekio mkononi nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimesahau sakafu yangu ina rangi gani karibu karibu. Mdogo wangu aliyenipeleka akanikuta, akasema "da', umeambiwa upumzike", nikamwambia nimeambiwa nisipumzike, akaona nimechanganyikiwa na dawa. Jioni yaliporudi nililia tena kidogo lakini kilio cha aina nyingine, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa najua anayenipiga anaitwa nani.

Nikadhani sasa twende kwenye matibabu. Daktari akasema bado, turudie. Nilikasirika, nikaona hawa nao wameanza. Lakini sababu yake ilinyooka: sindano moja inaweza kudanganya, mtu ana hamu ya kupona, amelala, ameshikwashikwa na wataalamu, maumivu yanashuka yenyewe halafu tunamchoma neva isiyo na hatia. Kwa hiyo mara ya pili anatumia ganzi tofauti bila kukuambia ipi ni ipi. Kuna lidokeini inayoisha mapema na kuna bupivakeini inayokaa masaa mengi zaidi. Kama nafuu yako inafuata muda wa dawa, fupi kwa fupi na ndefu kwa ndefu, basi kweli ni pale. Mara ya pili yangu nilikaa kwenye 1 na 2 mpaka nikaenda kulala, asubuhi nimeamka na 6. Ikajulikana ya kwanza ilikuwa lidokeini. Kuna madaktari wanakubali ukipata nafuu ya nusu, wengine wanataka asilimia 80, uliza wako anahesabu vipi kabla hujaanza maana hiyo inabadilisha kila kitu.

Mara ya nne ndo kuchoma. Jina lake ni radiofrikwensi, ila sisi tuseme kuchoma neva. Sindano zinaenda palepale zilipoenda zile za ganzi, ila hizi ncha yake inapata joto. Kwanza wanapima, wanapitisha umeme mdogo wa haraka, unatakiwa useme umesikia mtekenyo kiunoni pale pako pa siku zote, mi nilisema "hapohapo!" kwa sauti mpaka nesi akacheka. Halafu umeme wa polepole, misuli ya mgongo inacheza tu, tap tap tap, na wote wanaangalia mguu. Mguu ukicheza sindano imekaa vibaya, wanahamisha. Ndo wanaweka ganzi na kuchoma, nyuzi 80 kwa sekunde 90 kila neva. Hauunguliki nje, hamna harufu, hamna moshi, msiogope na video za mtandaoni.

Ila hamna aliyeniandaa kwa wiki mbili za baadaye, hapo ndo nyota moja imeondoka. Panauma kama pamechubuliwa, ngozi ya juu ya kalio inawaka ukipitisha taulo, nikasema nimeharibiwa. Siku ya kumi na tano hivi nikaamka nikavaa soksi nimesimama. Nimesimama, mguu mmoja juu! Tangu hapo nimekaa na 2, mara moja moja 3, kwa miezi kumi. Na miezi hiyo kumi ndo nimefanya mazoezi kwa mara ya kwanza bila kuacha, kwa sababu yalikuwa hayaumi, na mi naamini nusu ya nafuu yangu inatoka huko. Neva ikichomwa hiyo huwa inaota tena, mara nyingi kati ya miezi sita na mwaka au zaidi, yangu naona imeshaanza, wiki hii niko kwenye 4.

Sasa msije mkasoma hapa mkakimbilia. Mdogo wangu huyohuyo yeye alikuwa na kesi nyingine kabisa, diski ya kati ya pingili ya nne na ya tano imebana neva, maumivu yanatoka kalioni yanashuka nje ya goti mpaka kidole gumba cha mguu, akikohoa anaruka. Sayatika ya vitabuni. Yeye alipigwa epidurali ya kupitia kwenye kitundu neva inapotokea, upande mmoja, ganzi na steroidi inayoitwa deksamethasoni. Jioni ile mzima, kesho yake maumivu yamerudi, akanipigia simu anatukana. Nikamwambia tulia, ile ya jana ilikuwa ganzi, steroidi inachukua siku mbili mpaka wiki kuanza kazi. Siku ya nne akaanza kulala usiku. Lakini sitaki kudanganya, diski nyingi zilizotokeza zinasinyaa zenyewe kwa muda, kwa hiyo sindano ilimponya au ilimvusha tu mpaka mwili ukajiponya, sijui na yeye hajui. Yeye ameipa tano, mi ningempa nne.

Na mama mkubwa. Yeye walishuku kile kiungo kikubwa cha kuunganisha mgongo na nyonga, wakaweka ganzi na steroidi ndani. Hakusikia tofauti hata kidogo, akatoka amenuna, "wamenichoma bure". Mi nikaona hiyo ni sindano nzuri kuliko zote, ilisema HAPANA. Wakaenda kuangalia kiungo cha paja, kumbe huko ndo kumesagika. Shida yake ilikuwa nyingine, ana kisukari na hamna aliyemwambia steroidi inapandisha sukari kwa siku kadhaa. Asubuhi alikuwa anapima sukari anakuta 7, sasa akakuta 15, tukadhani mashine imeharibika tukanunua betri mpya. Ukiwa na kisukari sema mwanzoni kabisa kabla hata ya kutaja jina lako.

Nyingine za kusema mwanzoni: dawa za kuyeyusha damu (usiziache mwenyewe, aliyekuandikia ndo apange), mzio wa dawa zozote, homa au kidonda chochote chenye usaha siku hizo. Baada ya epidurali ukapata kichwa kinachouma ukikaa na kinaacha ukilala, utando wa neva umetobolewa, piga simu. Steroidi pia inaweza kukunyima usingizi siku mbili tatu na kukufanya uso uwe mwekundu wa moto, hiyo inapita.

Hatari kubwa ni adimu ila zipo na sipendi wanaozificha. Aprili 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu steroidi zinazowekwa kwenye nafasi ya epidurali, kwamba mara chache sana watu wamepata kiharusi, kupooza, kupoteza uwezo wa kuona, hata kufa, na ikasema matumizi hayo hawajawahi kuyaidhinisha. Na 2012 hukohuko kulikuwa na ile balaa ya dawa ya steroidi iliyotengenezwa ikiwa na fangasi, watu 753 wakaugua kwenye majimbo 20, kwa hesabu ya wakati ule 64 walikufa. Pale tatizo lilikuwa chupa, siyo mikono ya daktari. Kwa hiyo mi sasa naomba nioneshwe chupa, jina la dawa na tarehe, nesi mmoja alinikata jicho, mwingine akanipongeza.

Halafu kuna hili ambalo mapromota wa sindano hawalipendi. Madaktari wenyewe hawajakubaliana. Muongozo wa 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema sindano za mgongo zisitolewe kama tiba ya maumivu ya kawaida ya kiuno, epidurali ifikiriwe kwa sayatika kali ya karibuni, na kuchoma neva kufikiriwe tu kwa mtu ambaye maumivu ni 5 kwenda juu na sindano ya kupima imekubali. Utafiti wa 2014 wa watu 400 wenye uti uliobana ulikuta epidurali ya ganzi na steroidi haikuzidi ya ganzi peke yake kwa maana yoyote kubwa baada ya wiki sita. Mwaka 2017 Uholanzi walichukua watu 681 wakaongeza kuchoma neva juu ya mazoezi, hawakuona faida ya maana. Na Februari 2025 jarida la BMJ likatoa pendekezo la jopo linalokataa karibu hizi zote kwa maumivu sugu ya mgongo, pamoja na hii yangu niliyoipa nne! Kuna madaktari wa maumivu waliopinga, wakisema kwenye hizo tafiti wagonjwa hawakuchujwa vizuri. Mi ni mtu mmoja na bawaba yangu moja, siwezi kushindana na watu 681. Ninachoweza kusema ni kwamba mimi nilichujwa mara mbili kabla ya kuchomwa, na yule wa kwanza hakunichuja hata mara moja, na tofauti niliiona kwenye mwili huuhuu.

Kwa hiyo ukienda, uliza hivi hivi kwa lugha yako: hii ni ya kupima au ya kutibu? Inalenga kiungo gani, neva gani? Ikisaidia tunafanya nini, isiposaidia tunafanya nini? Kama majibu ya yote mawili ni "tupige nyingine", chukua mkoba wako. Uliza pia kama anaangalia kwa eksirei au kwa kubahatisha kwa mkono. Na nenda na mtu wa kukurudisha, si kwa sababu ya maumivu, mguu unaweza kulegea masaa machache ganzi ikitiririka, mi mara ya pili nilishuka kitandani goti likanikimbia, nesi akanidaka kwapani, "taratibu dada, mguu wako bado uko kitandani".

Swali lililobaki ni la kwangu: neva imeota, niko 4, nichome tena au nikazane na mazoezi nione? Daktari kasema nisirudie vipimo vyote kwa kuwa maumivu ni yaleyale palepale, ila nijaze karatasi wiki tatu kwanza. Nimeibandika kwenye mlango wa kabati. Jana nimeandika 4, leo asubuhi 3. Wiki tatu zikiisha nitakuja kubadilisha nyota hapa kama itabidi.